Ushike Nini, Upime Nini: Kutafuta Swali la Mradi wa Sayansi

Kila mwaka, msimu wa maonyesho ya sayansi ukikaribia, mwalimu wa fizikia au baiolojia hupokea karatasi zenye mada za miradi. Ya kwanza ni "Malaria". Inafuata "Uchafuzi wa Mazingira", halafu "Nishati ya Jua", halafu "Umuhimu wa Maji Safi kwa Jamii". Walioziandika si wavivu. Wamechagua mambo mazito yanayoigusa nchi, wakiamini kwamba uzito wa jambo utawavutia majaji. Lakini hayo ni majina ya sura za kitabu. Mwanafunzi akiamka Jumamosi na kusema leo naanza mradi wangu wa malaria, hajui mkono wake ushike nini.

Swali zuri linakuambia ushike nini, upime nini, ulinganishe na nini. Tena jibu lake hulijui, wala mwalimu wako hawezi kukutajia akiwa amekaa. Mwenye swali la namna hiyo amekwisha maliza sehemu ngumu ya mradi, ndiyo maana nashauri muda mrefu utumike hapo, hata kama wenzako wameshaanza kukata makaratasi ya rangi.

Kisa cha Erasto Mpemba wengi mmekisikia, na kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha mtoto aliyewashinda wakubwa. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine: kinaonyesha swali likipunguzwa hadi likanyooka. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanakoroga sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ya friji ilikuwa inagombewa, naye akaamua kuweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Swali lake la wakati ule lilikuwa limejaa vitu: maziwa, sukari, friji ya shule, vyombo vya watu wawili. Miaka iliyofuata, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, na safari hii maziwa hayamo, sukari haimo. Yamebaki maji tu: vyombo viwili vyenye ujazo sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, vyote vinaingia kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, kwa sababu swali lililopangwa hivyo linaweza kupelekwa maabara. Aliporudi Dar es Salaam alitaka lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha matokeo katika jarida la Physics Education.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo wasimulizi huiruka, nayo ndiyo inayomfaa zaidi mwenye mradi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walilirudia jaribio hilo kwa uangalifu na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi. Wao walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri. Walionyesha pia kwamba vipimajoto viwili vikipishana kimo cha sentimita moja tu ndani ya vyombo, tofauti hiyo peke yake inaweza kukufanya udhani umeona maajabu. Ubishi haujaisha, na sababu mojawapo iko kwenye neno "kuganda". Kuganda ni kufika nyuzi sifuri? Ni kipande cha kwanza cha barafu kuonekana? Au ni chombo kizima kuwa kigumu? Kila maana ina saa yake. Neno la katikati ya swali lako lisipokuwa na kipimo kimoja, utabishana na jaji mpaka jioni.

Angalia pia "kwa nini" ya Mpemba. Ni neno zuri la kuanzia udadisi na neno baya la kuanzia mradi, kwa kuwa halikuambii uanze wapi. "Kwa nini mbu hutuuma?" linaweza kumeza maisha ya mtu. Miaka ya 1990 Ruurd de Jong na Bart Knols, Waholanzi, waliuliza kitu kidogo zaidi: mbu huuma wapi mwilini? Mtu anakaa uchi, mbu wanaachiwa, na mahali pa kila mbu kutua panaandikwa. Wakaona kwamba Anopheles gambiae, yule anayetuletea malaria, hukimbilia miguuni, hasa kwenye nyayo na vifundo. Kutoka hapo wakaja kwenye harufu ya miguu, na kutoka harufu ya miguu wakafika kwenye jibini la Limburger, ambalo mbu huyo hulifuata kwa sababu linanuka kama miguu ya mtu. Mwaka 2006 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukakufikirisha. "Wapi" iliwafikisha kwenye "kwa nini". Basi anza na "je", "kiasi gani", "baada ya muda gani", "kipi kinatangulia", halafu ile "kwa nini" uiweke kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti yako, ambapo inafaa.

Swali lipatikane wapi? Mahali pazuri kuliko pote ni pale watu wazima wanaposema jambo kwa uhakika mkubwa bila kupima. Sikiliza jikoni, shambani, kwa fundi baiskeli, kwa muuza mkaa. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanawahi kuiva: kweli, na hakuna mradi hapo, kila mtu anajua. Lakini je, saa nne za kuloweka hazitoshi? Nyumba inayonunua gesi kwa kudunduliza ingependa kujua. Mbegu inayoelea kwenye maji ni mbovu, itupwe: hivyo ndivyo wakulima wengi wanavyochambua. Katika mbegu 100 zilizoelea, ngapi zingeota? Kama ni tano, mkulima yuko sahihi. Kama ni arobaini, anatupa chakula. Kazi hiyo inataka ndoo, kitambaa chenye unyevu na wiki moja, mradi utumie mbegu zilizohifadhiwa nyumbani na si zile za dukani zilizopakwa dawa.

Au chukua mtungi. Kwamba maji ya mtungini ni baridi si swali. Kitabu cha fizikia kimeshaeleza: maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, hufika nje, huvukiza, na mvuke huondoka na joto. Lakini mtungi uleule haufanyi kazi sawa kila mahali. Tanga mwezi wa Machi, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, unapoza kwa shida. Dodoma mwezi wa Septemba, hewa kavu na upepo unavuma, unapoza vizuri. Hapo ndipo lilipo swali: tofauti ya joto kati ya maji ya mtungini na maji ya ndoo ya plastiki hubadilika vipi unyevu wa hewa unapobadilika? Usikate tamaa kwa kukosa chombo cha kupimia unyevu. Chukua vipimajoto viwili, kimoja ukifunge kwenye ncha kitambaa cha pamba kilicholowa, kingine ukiache kikavu. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo vitakavyopishana. Tena kile chenye kitambaa kinakuonyesha kiwango ambacho mtungi wako hauwezi kukipita kwa kushuka, hata ungeufinyanga upya. Soma saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni kwa wiki tatu, utakuwa na seti 63 za namba. Ukiwa na rafiki anayesoma mkoa wenye hali ya hewa tofauti, naye akafanya hivyohivyo kwa mtungi wa ukubwa uleule, mmepata mradi ambao profesa hatauona mdogo.

Sasa tulifanyie kazi swali moja kuanzia likiwa bado ghafi. Bibi anachanganya maharage na majivu kabla ya kuyaweka kwenye gunia, anasema hayabunguliwi. Mwanafunzi anaandika kichwa: "Athari za Majivu katika Uhifadhi wa Nafaka." Hili ni gonjwa letu la kuiga vichwa vya tasnifu. Kichwa hicho kimemeza kila kitu na hakiulizi lolote, na kwa kuongezea maharage si nafaka. Mrudishe kwa bibi amuulize majivu kiasi gani. Bibi atasema, mpaka yaenee. Hapo tumepata kitu cha kubadilisha: kiasi cha majivu. Kitu cha kuhesabu ni rahisi, maana mdudu akitoka ndani ya punje huacha tundu la duara linaloonekana kwa macho. Swali linakuwa: maharage gramu 200 yakichanganywa na majivu kijiko kimoja cha chai, viwili, au vinne, punje ngapi katika 100 zitakuwa na matundu baada ya wiki nane, ukilinganisha na maharage yasiyo na majivu?

Wiki nane zinatoka wapi? Zinatoka kwa mdudu mwenyewe. Kuanzia yai hadi mdudu mpevu kutoka kwenye punje ni kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu katika joto letu, kwa hiyo ukifungua makopo baada ya siku kumi utaandika kwamba majivu na kukosa majivu ni sawa, na utakuwa umepima subira yako tu. Watu wengi husahau kumuuliza mdudu, mmea au hali ya hewa ratiba yake. Muhula una wiki zake na kiumbe ana zake. Swali ambalo ratiba hizo mbili hazikutani liache, hata kama umelipenda.

Kuna mtego mwingine kwenye maharage hayo. Ya sokoni huenda yameshaingiwa na mayai ambayo huyaoni. Ukiweka maharage ya muuzaji mmoja kwenye kopo la majivu na ya muuzaji mwingine kwenye kopo lisilo na majivu, hutajua unachopima ni majivu au ni muuzaji. Nunua yote mahali pamoja, yachanganye vizuri kwenye beseni, kisha yagawe. Ukiwa na friza, yakae humo wiki moja ili yaliyomo yafe, yarudi kwenye joto la kawaida, ndipo uweke wadudu kumi kwenye kila kopo. Huna friza? Tumia maharage ambayo tayari yameanza kubunguliwa, changanya sana, gawa, na uhesabu matundu ya mwanzo kabla ya kuweka majivu. Funika kwa kitambaa chepesi, wadudu wasitoroke na hewa ipite. Na kila kiasi kiwe na makopo matatu. Kopo moja likifanya vizuri linaweza kuwa bahati. Matatu yakikubaliana jaji atanyamaza. Viwango vinne, makopo matatu kila kimoja, makopo 12, maharage kilo mbili na gramu 400. Yote hayo bei yake ni ndogo kuliko bango la kuchapishwa mjini.

Majivu hufanyaje kazi? Hujaza nafasi kati ya punje na punje hivyo mdudu hatembei kwa raha, na huchubua nta iliyofunika mwili wake hadi akakauka. Hayo utayasoma na kuyaandika. Lakini usiyageuze kuwa swali lako, kwa sababu huna hadubini ya kuangalia nta ya mdudu. Vilevile usiongeze jivu la mwembe dhidi ya jivu la mkaratusi, na mwarobaini, na pilipili, katika mradi uleule. Ukiongeza kila unachokisikia, makopo yatafika 60 na utaacha kuhesabu wiki ya tatu. Mwarobaini utamfaa mdogo wako mwakani.

Wengi huniambia: mimi sitaki kuhesabu matundu, nataka kuunda kifaa. Vizuri. Katika maonyesho yetu vifaa ni vingi kuliko maswali, na kwa sehemu kubwa mwenye kifaa akiulizwa kinafanya kazi kiasi gani, anakiwasha tu taa ikawaka. Kijana wa Kimasai wa Kenya, Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alisumbuliwa na simba waliovamia boma usiku. Alijaribu moto, haukuwazuia simba. Akajaribu sanamu la mtu. Siku ya kwanza waliogopa, iliyofuata walilizoea. Kisha akagundua kwamba anapozunguka na tochi simba hawaji. Swali "simba wanaogopa mwanga?" likawa "simba wanaogopa mwanga unaotembea?", na hapo ndipo taa zake za kumetameta, zilizotumia betri, paneli ya jua na kifaa cha indiketa, zilipozaliwa. Kifaa kilikuja baada ya swali kunyooka. Baadaye watafiti walilinganisha maboma yenye taa na yasiyo na taa karibu na hifadhi hiyo, na mashambulizi ya usiku yalikuwa yamepungua penye taa. Wewe pia, ukiunda jiko, usiishie kusema linaokoa mkaa. Pima mkaa uliotumika kuchemsha lita mbili za maji kwenye jiko lako na kwenye jiko la sokoni, sufuria ileile, nje penye hewa, mara tano kila jiko. Likishindwa, andika limeshindwa kwa gramu ngapi.

Maswali mengine ni mazuri lakini yasiguswe nyumbani. Usioteshe vijidudu ulivyofuta chooni au kwenye noti za benki. Ukishavizidisha kwenye chombo huvijui tena. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuwa na sumukuvu, basi usikuze ukungu chumbani kwa ajili ya picha. Usifuge mbu. Usichanganye dawa za kuulia wadudu ili uone ipi kali. Na mradi unaohusu watu, hata dodoso la kuuliza nani amekula nini asubuhi, unataka ridhaa yao na ruhusa ya shule kabla hujaanza, si baada ya kumaliza. Mashindano makubwa yanaweza kukuondoa kwa jambo hilo peke yake.

Nina neno na mwalimu. Usimpe mwanafunzi swali. Ukimpa, ataliandika vizuri na atalitetea vibaya, maana jaji akimuuliza kwa nini kijiko cha chai na si gramu, atageuka kukutafuta wewe. Akikuletea jambo linaloonekana la kipuuzi, lijibu kwa neno moja: "Tutajuaje?" Aende akalale nalo. Akirudi na kitu cha kupima, mmeanza. Akirudi mikono mitupu, mwombe akueleze alichokiona mwenyewe, kwa macho yake, na siyo alichokisoma. Mara nyingi swali limejificha kwenye maelezo hayo. Sijaona njia ya mkato zaidi ya hiyo, na vitabu vya "mada 100 za miradi" vimetuharibia watoto wengi wenye vipaji.

Ukishapata swali, usilipeleke kujaza fomu kabla ya kulijaribu siku moja kwa vifaa vichache. Chukua lile la mbegu zinazoelea. Mimina mbegu 50 kwenye ndoo na ungoje. Huenda zikaelea mbili tu, na mbili hazitoshi kukuambia lolote. Utahitaji mbegu za misimu miwili iliyopita, ambazo huelea zaidi. Huenda zingine zikaelea kwa dakika moja halafu zikazama, nawe hukuwa umeamua usubiri muda gani kabla ya kuchota. Huenda ukaona kwamba ukikoroga, nusu ya zilizoelea zinakwenda chini, kwa kuwa kilichokuwa kimezishika ni viputo vya hewa kwenye ganda. Kila moja ya hayo liandike kwenye daftari, na tarehe yake. Kisha kaa uandike swali upya: mbegu za mahindi za msimu uliopita na za msimu wa kabla yake, zilizokorogwa mara kumi na kuachwa dakika tano, zile zinazobaki juu huota ngapi katika 100? Hilo mpelekee mwalimu, pamoja na ndoo.